Mfumo wa kubuku meza uanzie mlango wa jikoni

Jumamosi moja, saa 2 usiku, familia ya watu 12 ilisimama mapokezi ya mgahawa ninaousimamia hapa Dar es Salaam. Walikuja kumsherehekea bibi yao aliyetimiza miaka 80. Kijana aliyebuku alifungua simu akatuonyesha ujumbe wetu wenyewe: watu 12, Jumamosi, saa 2. Kwenye tableti ya mapokezi, meza yao ilikuwa imeshafutwa tangu mchana. Mhudumu aliyepokea simu aliandika 2:00, mfumo ukasoma saa 8 mchana, ukasubiri robo saa, ukaona hawajatokea, ukaiachia meza. Tulimkalisha bibi kwenye kiti cha mapokezi dakika 40 tukihangaika kuunganisha meza. Hakulalamika. Aliomba tu maji ya uvuguvugu.

Familia ile haijarudi mpaka leo, na mfumo ule niliupitisha mimi.

Niliupitisha kwa sababu muuzaji alinionyesha upande wa mteja: kalenda nzuri, picha za meza, ujumbe wa shukrani unaojituma wenyewe. Sikumuuliza swali moja ambalo mtoto yeyote wa hapa angeuliza: hii programu inajua saa zetu? Sote tunaishi na saa mbili kwa pamoja. Simu inaandika 20:00, mdomo unasema saa 2, na wala hatuhisi kwamba tumetafsiri kitu. Lakini weita mwenye trei mkono mmoja na simu sikioni anaandika anachokisikia. Leo mfumo wetu hauruhusu kuandika saa mpaka kwanza uchague "mchana" au "usiku". Badiliko hilo dogo lilimchukua fundi asubuhi moja. Kama muuzaji wako anasema haliwezekani, mshukuru na umsindikize mlangoni.

Nimekuja kuamini kwamba mgahawa ukichagua programu ya kubuku kwa kuangalia skrini ya mteja, umechagua mapambo. Kubuku ni habari. Habari hiyo inahitajika na watu watatu au wanne ambao mteja hawaoni kamwe, na kazi ya programu ni kuifikisha kwao kabla hawajaihitaji.

Wa kwanza ni mnunuzi. Mpishi wetu mkuu anafika soko la samaki la Feri alfajiri, kabla wachuuzi hawajamaliza changu na kolekole wazuri. Kama wakati anatoka nyumbani hajui kwamba jioni kuna meza tatu kubwa, atanunua kwa kukisia. Akikisia pungufu, saa 3 usiku tunawaambia watu samaki wameisha. Akikisia zaidi, kesho yake tunatupa. Mfumo wetu wa zamani ulikuwa na ripoti kumi na kitu, zote kwenye kompyuta ya ofisini, na ofisi inafunguliwa saa 3 asubuhi. Wa sasa unamtumia meseji fupi saa 11 alfajiri: wangapi wamebuku, meza kubwa ni zipi, nani ameagiza pweza mapema. Meseji ya maneno 20 imetuokolea chakula kingi kuliko ripoti zote zile.

Halafu kuna jiko lenyewe, na hapa ndipo ninapotaka wenye migahawa wenzangu wanisikilize vizuri. Mgahawa wetu una viti 70, lakini jiko letu la mkaa linabeba samaki wazima 14 kwa mkupuo, na kila mkupuo unachukua kama dakika 25. Programu inayohesabu viti itapokea watu 50 wote wa saa 2 kamili na kusema nafasi bado zipo. Kwenye viti ni kweli. Kwenye mkaa si kweli hata kidogo: meza za mwisho zitaona samaki baada ya saa nzima na zaidi, na lawama zote zitamshukia mhudumu. Tafuta programu inayokuruhusu kuweka ukomo kwa kila robo saa, kwamba wanaoanza kula saa 1 na nusu wasizidi idadi fulani, wa saa 2 kasoro robo vivyo hivyo. Idadi hiyo itoke kwa mpishi, asiitaje mhasibu.

Kisha Ramadhani inaingia na kuligeuza jambo lote. Futari haigawanyiki kwa robo saa. Adhana ya Magharibi ikilia, watu wote wanafungua kwa dakika moja, na hakuna programu duniani itakayomwambia aliyefunga asubiri zamu ya saa 1 na robo. Mwezi huo tunaondoa ukomo wa robo saa, tunafunga kubuku saa 9 alasiri, na tende, uji na kaimati vinakuwa mezani kabla mteja hajaketi. Mfumo tulionao unaturuhusu kuwa na ratiba mbili na kubadilisha kwa kubonyeza mara moja. Ule wa kwanza ulilazimisha ratiba moja mwaka mzima, kana kwamba waliouunda hawakuwahi kuona jiji zima likisubiri jua lizame.

Advansi nayo ina maumivu yake. Wazo la kulipia meza kabla si geni. Mgahawa wa Next wa Chicago ulianza mwaka 2011 kwa kuuza meza kama tiketi, umelipa umelipa. Sisi tunadai advansi kwa makundi ya kuanzia watu 8, kwa lipa namba. Zamani muamala uliingia simu moja, kubuku kulikuwa kwenye tableti, bili ikatoka kaunta. Mwisho wa usiku mteja anasema, "Mbona nilishatoa laki na nusu?" na keshia haoni kitu. Fikiria mtu aliyewaalika wakwe zake, anaanza kupekua meseji mbele yao kuthibitisha kwamba si mwongo. Kwa hiyo usikubali muuzaji akuonyeshe jambo hili kwenye picha. Mlipishe shilingi 10,000 kweli, abuku, akae, anywe chai, aombe bili. Kama ile 10,000 haijapunguzwa kwenye bili yenyewe, na risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, haikubaliani na fedha iliyoingia, bado hana kitu cha kukuuzia.

Wateja wetu wengi hawajazi fomu. Wanapiga simu, au wanatuma sauti WhatsApp: "Kaka, niwekee meza ile ya pale dirishani." Mhudumu aweze kuiingiza kwa sekunde 20, la sivyo ataandika kwenye karatasi, na karatasi itapotea. Umeme ukikatika na intaneti ikizima, orodha ya jioni ibaki kwenye tableti. Hilo halihitaji mjadala.

Suala la pesa na umiliki wengi hulipita haraka. OpenTable, huduma ya kubuku meza mtandaoni iliyoanza San Francisco mwaka 1998, ilikua kwa kutoza mgahawa ada kwa kila mteja aliyekaa mezani kupitia mtandao wake. Ukiwa na meza za faida nyembamba kama zetu, piga hesabu hiyo kwa kichwa kimoja kimoja kabla ya kutia saini. Na uliza majina ya wateja ni ya nani. Tock, programu nyingine ya kubuku, ilianzishwa mwaka 2014, ikanunuliwa na Squarespace mwaka 2021, kisha American Express ikainunua mwaka 2024. Kampuni kuuzwa si dhambi, ila mgahawa ulioshindwa kutoa orodha yake na kuondoka nayo unauzwa pamoja na samani. Hapa Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Namba ya simu ya mteja, na ile kumbukumbu kwamba karanga zinamdhuru, ni taarifa zake. Sisi tumekabidhiwa tu.

Tulipochagua mara ya pili, nilimkabidhi dada wa mapokezi, keshia na mpishi mkuu programu mbili, kila moja wiki moja, Ijumaa na Jumamosi zikiwemo. Walikataa ile niliyoipenda. Walisema inawalazimisha kubonyeza mara sita kuhamisha meza moja, na Jumamosi wanahamisha meza usiku kucha. Nilinunua waliyoichagua wao.

Sasa kila siku saa 10 jioni orodha inachapwa na kubandikwa pembeni ya dirisha la kutolea chakula, tableti ziwake zisiwake. Mpishi huisoma yote, kisha anachukua kalamu nyekundu na kuzungushia meza zenye wazee na watoto wadogo, ili chakula chao kitangulie.