Nilivyowaonea huruma Wanacirema

Mpwa wangu yuko mwaka wa kwanza chuoni, umri ule ambao mtu akisoma kurasa kumi anataka ukoo mzima ujue. Juzi alinikalisha akanisimulia habari za watu waitwao Wanacirema. Kwao mwili ni kitu kibaya, kinachochakaa, na kinga yake ni ibada. Kila nyumba ina madhabahu, ukutani kuna kisanduku kilichojaa hirizi, na kila mmoja huingia peke yake, akakiinamia, akatawadha. Kila siku hujitia mdomoni kishungi cha nywele za nguruwe na unga wa kimiujiza. Mara moja au mbili kwa mwaka huenda kwa mganga wa vinywa, anawachokonoa meno kwa vyuma, wanaumia kweli kweli, na mwaka unaofuata wanarudi palepale ilhali meno yanaendelea kuoza. Wanawake nao huoka vichwa vyao kwenye tanuri kwa muda wa kama saa nzima.

Nikaguna. Nikasema, na hili ndilo linaloniudhi mpaka leo: "Maskini. Hao hawajafikiwa na shule?"

Kijana akacheka mpaka simu ikamdondoka. "Mjomba, hebu lisome jina lao kuanzia mwisho."

Toa "Wa", Nacirema ikigeuzwa ni American. Wamarekani! Madhabahu ni bafu. Kisanduku ni kabati la dawa juu ya sinki. Nywele za nguruwe ni mswaki, tanuri ni draya ya saluni. Aliyeyaandika hayo ni Horace Miner, mwanaanthropolojia, yaani mchunguzi wa mila za watu, wa Chuo Kikuu cha Michigan, mwaka 1956, na tangu hapo wanafunzi wananaswa kama panya. Sasa na mjomba wao nimo.

Nilicheka. Kisha nikakasirika, na wala si kwa sababu ya kijana. Mbona niliamini upesi hivyo? Nimeirudia habari ile neno kwa neno nikitafuta uongo, sijauona. Vitendo vyote ni vya kweli. Alichofanya mwandishi ni kukiacha kitendo na kukinyima sababu yake, halafu akabadilisha majina: dawa ikawa hirizi, daktari akawa mganga. Basi. Mbinu hiyo haishindwi na kitu. Chukua tai: kamba ya kitambaa ambayo wanaume hujikaba nayo koo wanapokwenda mbele ya wakubwa; haizuii baridi, haina mfuko, na asiyekuwa nayo hasikilizwi. Chukua keki ya kuzaliwa: mtoto anaipulizia mate mbele ya mashahidi, watu wanapiga makofi, kisha kila mmoja anapewa kipande ale. Simu sitaigusa, tutaaibika wote.

Mpwa wangu anasema mwalimu wao amewaambia funzo lake ni kutohukumu mila za wengine. Sawa, mwalimu. Funzo jema, halimuumizi mtu. Mimi naona jambo jingine kabisa. Wale Wanacirema wana mlango wa kutokea. Utani wao ni wa kurasa tano, ukiligeuza jina umekwisha, na kila mtu anarudi kuwa binadamu mwenye sababu zake. Je, wale walioandikwa kwa mtindo huohuo bila utani, vitabu kwa vitabu, kwa makini, na picha juu? Wao jina lao ukilisoma kinyumenyume hupati kitu. Wamebaki humo ndani ya maandishi, wakiinamia visanduku. Okot p'Bitek, yule mshairi wa Uganda, alipokwenda Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1960 kusoma anthropolojia, alimkuta mwalimu akiwaita Waafrika washenzi, watu wa makabila. Akapinga. Mhadhara ukaendelea.

Na huyuhuyu Miner, mcheshi wetu, miaka 3 tu kabla ya utani wake alitoa kitabu juu ya Timbuktu. Timbuktu ya wanazuoni na miswada, iliyokuwa ikifundisha watu fiqhi karne kadhaa kabla Marekani haijazaliwa. Jina la kitabu linauita mji wa kijima. Hapo hakuwa anatania.

Haya, nikubali moja, kwa shingo upande. Nyani haoni kundule, na mgeni huona. Evans-Pritchard, mwanaanthropolojia Mwingereza, alipoandika kuhusu Wazande wa Afrika ya Kati mwaka 1937, alieleza kwamba ghala likiwaangukia watu waliokaa kivulini mwake, Mzande anajua vizuri kuwa mchwa ndio waliotafuna nguzo. Swali lake ni lingine: kwa nini liwaangukie hawa, saa hii? Hapo mgeni alikaa, akauliza, akaileta sababu pamoja na kitendo. Kumbe inawezekana. Ndiyo maana wasiofanya hivyo siwasamehe.

Kijana sasa ana kazi ya chuo: aandike kurasa mbili za namna ile kuhusu watu anaoishi nao. Leo asubuhi nikiwa mbele ya kioo, mswaki mdomoni, povu limefika kidevuni, nilimwona mlangoni na daftari. Anaandika.

Nikatema. Nikamwambia aandike pia kwamba jino la nyuma linaniuma.