Lenzi ya fomati ya kati inunuliwe kwa ajili ya duara lake

Watu wengi hununua lenzi za zamani za fomati ya kati, yaani za kamera zenye filamu kubwa kuliko ile ya kawaida ya milimita 35, kwa ajili ya ule "mwonekano wa fomati ya kati", na mwonekano huo hauvuki adapta, ile pete inayoifunga lenzi kwenye kamera ya aina nyingine. Toa lenzi ya Biometar 80 f/2.8 kwenye Pentacon Six, kamera ya filamu ya 6×6, uifunge kwenye kamera ya fulu fremu, yenye sensa ya milimita 24 kwa 36: inabaki milimita 80 f/2.8 kama 80 nyingine yoyote. Ule ulaini wa nyuma kwenye picha za 6×6 ulitokana na ukubwa wa filamu. Kuupata kwenye fulu fremu kunahitaji karibu milimita 44 na f/1.5, kwa hiyo 50 f/1.8 ya kawaida, nyepesi na ya bei nafuu, itakufikisha karibu zaidi. Kwenye APS-C, sensa ndogo kuliko fulu fremu, ndiyo balaa: 80 inaona kama 120, na katika vichochoro vya mtaa wa Mkomani, Lamu, utapiga picha ya komeo, mlango usiupate.

Ila lenzi hizi zina kitu ambacho za kawaida hazina, nacho ni duara pana la taswira, yaani duara la nuru ambalo lenzi hulitupa kwenye filamu au sensa. Mshazari wa fremu ya 6×6 ni milimita 79. Wa fulu fremu ni 43. Upana huo ndio mali yenyewe, na ndio pia unaoharibu picha.

Tuanze na uharibifu. Sensa ya 24 kwa 36 inatumia chini ya humusi ya duara hilo. Nuru iliyobaki inagonga ukuta wa ndani wa adapta. Kitako cha lenzi ya Pentacon Six hukaa milimita 74.1 kutoka kwenye filamu, cha lenzi za kamera za kisasa za Sony E ni 18 kutoka kwenye sensa, basi adapta ni bomba la milimita 56, mara nyingi lenye rangi nyeusi inayong'aa. Lamu saa saba mchana, kuta za chokaa zikiwaka na bahari nayo ikimeta, bomba hilo linarudisha nuru kwenye sensa na picha inatoka kama imemwagiwa maziwa. Watu husema lenzi ya zamani haina nguvu. Waikague adapta kwanza.

Kuikagua ni rahisi. Funga adapta kwenye lenzi bila kamera, elekeza kwenye ukuta mweupe, weka jicho mahali pa sensa, kisha lisogeze hadi pembeni. Kila pete inayong'aa unayoiona, sensa nayo inaiona. Bandika mahameli nyeusi yenye gundi kuanzia upande wa lenzi, na usifike karibu na meno ya kufungia, maana nyuzi zikidondoka zinatua kwenye sensa. Kofia ya lenzi nayo iwe ndefu kuliko ile ya asili, kwa kuwa sasa unatumia kipande cha katikati tu.

Kosa la pili ni unene wa adapta. Ikizidi kwa milimita 0.1 tu, lenzi ya 80 iliyozungushwa hadi mwisho wa fokasi inaishia mita 64. Mitaani hutagundua, kwa sababu hakuna cha kuona mbali hivyo. Utagundua ukiwa gatini, unapotaka mlingoti wa jahazi upande wa kisiwa cha Manda nao hautoki mkali. Ikipungua si neno: lenzi itapita tu alama ya mwisho, na mizani ya umbali itakudanganya. Kati ya kuzidi na kupungua, chagua kupungua. Nyembamba inarekebishwa kwa kipande cha shaba chini ya pete, nene inataka msasa, na msasa ukila upande mmoja, picha itafifia upande mmoja.

Lenzi zenyewe: za Pentacon Six na Mamiya 645 zina pete ya fokasi na ya tundu, zinafaa. Za Mamiya RB67 hazina pete ya fokasi, kazi hiyo hufanywa na kamera. Kabla ya kulipa, pitisha tochi ndani ya vioo utafute ukungu. Unyevu wa pwani huukuza.

Sasa ile mali. Nunua adapta ya kuteleza, inayoiruhusu kamera kusogea juu na chini ndani ya duara hilo pana, ambayo gharama yake naiona halali. Kwa lenzi ya Flektogon 50 f/4, mlango wa nakshi wenye urefu wa mita 3, kamera ikiwa wima, unataka urudi nyuma kama mita 4.2. Ukiilaza kamera, ukapiga fremu tatu kwa kuteleza milimita 12 juu, sifuri, na 12 chini, kisha ukaziunganisha, unapata eneo la milimita 36 kwa 48, na mita 3.2 zinatosha. Miimo inabaki wima, kizingiti hakilali nyuma.

Tumia f/8 au f/11. Pima mwanga adapta ikiwa kwenye sifuri, ufunge kila kitu kwa mkono, pamoja na rangi ya mwanga. Mguu wa tripodi uwe kwenye adapta upande wa lenzi, ili lenzi itulie na kamera ndiyo isogee. Lenzi ikisogea, nakshi za mfaa, ile nguzo ya katikati ya mlango, zilizotokeza hazitalingana na ubao wa nyuma yake. Na punda akipita kati ya fremu ya pili na ya tatu, rudia zote tatu.