Kwa nini lazima kikundi?

Jirani yangu hapa Leipzig kapata barua. Ni mpiga picha, aliachishwa kazi, akaomba ruzuku ya kuanzisha biashara. Miezi sita ataendelea kupokea posho yake ya kukosa kazi, na juu yake euro 300 kila mwezi. Akiomba tena na kuonyesha kazi inakwenda, hizo 300 zinaweza kuongezwa miezi tisa. Kwenye barua kuna jina moja tu, lake. Hilo jina moja ndilo lililoniuma.

Maana kwetu Tanzania mkopo wa halmashauri hupewa kikundi, angekuwa bado anatafuta wenzake. Mwenyekiti, katibu, mweka hazina, katiba iliyonakiliwa kwa kikundi cha mtaa wa pili, mihtasari ya vikao ambavyo havikukaliwa, na ofisa maendeleo ya jamii ambaye yuko semina. Kati ya wote hao, mwenye biashara ni mmoja, tuseme fundi cherehani. Hela ikitoka wanagawana, kila mtu na lake, halafu marejesho yanamwangukia yule yule mwenye cherehani.

Nawasikia: "Kafika Ujerumani juzi, keshaanza kutudharau." Nidharau nini? Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inakwenda kwenye mikopo hiyo, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu, bila riba, na imo kwenye sheria tangu 2018. Nikiwasimulia Wajerumani wanatoa macho, nami navimba kichwa. Ruzuku yao si haki ya mtu. Ofisa akikataa, kakataa. Na kama hukuajiriwa ukachangia bima ya kukosa kazi, huna lako. Machinga wetu hapa asingefika hata dirishani.

"Kikundi ndiyo dhamana, maskini hana hati ya nyumba." Haya, dhamana gani hiyo? Mwaka 2023 serikali yenyewe ilisimamisha mikopo, baada ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuanika vikundi hewa. Mtu hewa ni kazi kumtengeneza, anadaiwa namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, na alama za vidole. Kikundi hewa unakiandika jioni moja, chai haijapoa. Mwaka uliofuata mikopo ikarudi, baadhi ya halmashauri zikapitishia benki, na kikundi kikabaki pale pale.

Tena msiniambie haiwezekani. Mwenye ulemavu kanuni zinamruhusu kukopa peke yake, na wala mbingu hazikuanguka. Basi huyo fundi cherehani wa Mbagala, mwenye wateja wake na daftari lake la madeni, anazuiwa na nini?