Ea Klina Iliyokula Kanzu

Binamu yangu wa South C ana ugonjwa mmoja: akiona spana, tayari ni fundi. Ea klina mpya ya pikipiki yangu, yaani chujio la hewa ya injini, ilipofika, hata chai hakungoja.

Pikipiki yenyewe ni Harley-Davidson Road King ya 2008, injini ya cc 1,584, mashine ya safari ndefu. Nilitaka ipumue, maana hapa Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Ea klina ya kiwandani hukaa ndani ya kifuniko. Hii mpya, chujio liko wazi, upande wa kulia, linatazamana na mguu wako. Tukatoa kifuniko, kisha zile bolti mbili zenye tundu katikati, ambazo injini hupumulia mvuke wa oili. Tukaweka gasketi mpya, tukafunga. Hakuna bolti iliyobaki mkononi, na kwa kazi ya binamu huo ni muujiza.

Basi akaiona chupa ya oili ya chujio. Chujio la pamba la aina ile huja limeshapakwa oili yake nyekundu, na karatasi ya maelekezo ilisema hivyo. Binamu akaligusa, akatikisa kichwa.

"Hili kavu, ndugu yangu. Utaua injini."

Nageuka kuitafuta karatasi, chupa nzima imeshamiminwa.

Kesho yake kulikuwa na nikaha ya mpwa wetu, Pangani. Nikavaa kanzu nyeupe, pasi mpaka inakata, nikaikunja, nikaikalia. Mombasa Road nilipita kama gavana. Kwenye mzunguko wa Nyayo nikapunguza mwendo, upepo ukalifumua pindo, nikasikia fyuup! Kitu kimeninasa paja. Injini ikakohoa mara mbili, ikazima. Nyuma yangu matatu zikaanza kunipigia honi kwa zamu.

Kijana wa boda akasimama kando.

"Mzee, imekula nguo!"

Tukavuta pamoja. Kanzu ikatoka na duara jekundu upana wa sahani, juu kabisa ya paja. Nikawasha, nikasogea kidogo, fyuup tena. Sasa maduara mawili. Yule kijana alicheka hadi akakaa chini, kisha akanipa kamba ya mpira ya kufungia mizigo nijifunge kiunoni.

Msikitini watu wakanipisha njia kwa huruma. Mjomba akanivuta pembeni, akaninong'oneza:

"Mwanangu, umeumia wapi? Damu ni najisi, kabadilishe."

"Ni oili, mjomba. Ya ea klina."

Akainama, akanusa, akainua macho taratibu. "Na ea klina inavaliwa huko?"

Binamu alikuwa safu ya mbele, kanzu safi, ananukia udi. Katika picha zote za harusi nimeshika sinia la halua mbele ya paja, na yeye kila akipita anamega kipande.