Ondoeni poti ya hifadhidata kwenye faili la Compose

Wiki hii nimesoma tena mwongozo wa kupandisha programu ya makontena matatu ya Docker (kila kontena ni boksi linaloendesha programu yake peke yake) kwenye seva ya Ubuntu, kwa faili la Compose linaloorodhesha huduma zote: Nginx inayopokea wageni mbele, programu yenyewe katikati, hifadhidata ya PostgreSQL nyuma. Umeandikwa kwa uangalifu, kila hatua na picha yake. Halafu chini ya huduma ya `db`, yaani hifadhidata, kuna hii, inayofungua poti 5432 ya seva mpaka ndani ya kontena:

```
ports:
  - "5432:5432"
```

Hatua inayofuata ni kuruhusu poti 22, 80 na 443 kwa `ufw`, ngome (firewall) ya Ubuntu, kisha `sudo ufw enable`, na msomaji anaambiwa seva yake sasa imefungwa. Haijafungwa! Hifadhidata iko wazi kwa dunia nzima, na inaniuma kwa sababu atakayeumia ni yule aliyefuata maelekezo neno kwa neno.

Ifuateni pakiti yenyewe. Inafika kwenye seva ikibisha poti 5432. Kabla `ufw` haijaigusa, sheria ya Docker kwenye jedwali la `nat`, mnyororo wa sheria uitwao PREROUTING, inabadilisha anwani inakokwenda: si seva tena, ni kontena, tuseme 172.18.0.3. Kwa kerneli, yaani kiini cha mfumo, hiyo sasa ni pakiti ya kupitishwa tu, kwa hiyo inaingia mnyororo wa FORWARD (pakiti zinazopita), haiingii INPUT (pakiti za seva yenyewe). Sheria mnazoandika kwa `ufw allow` na `ufw deny` zinakaa INPUT. Na kule FORWARD, Docker imeshajiwekea ruhusa yake. Mlinzi yuko getini, wageni wanapita uani.

Tena `ufw status` itakuonyesha poti tatu tu, na utalala ukiamini. Pima kutoka kwenye mashine nyingine iliyo nje:

```
nc -zv anwani-ya-seva 5432
```

Ikijibu, iko wazi. Na mtumiaji anayeundwa kwa `POSTGRES_USER` ana mamlaka yote: akibahatisha nenosiri lako dhaifu, mwizi anaweza kuendesha amri za mfumo ndani ya kontena kwa `COPY ... FROM PROGRAM`. Redis, hifadhidata nyingine inayotumika sana, ni hatari zaidi. Kwenye imeji yake rasmi, yaani kifurushi cha kuundia kontena, ile kinga ya kuwakatalia wageni wasio na nenosiri imezimwa ili makontena jirani yaifikie, na nenosiri halipo mpaka uliweke. Andika `"6379:6379"` na umemkabidhi kila mtu kila kitu.

Kinachonisikitisha ni kwamba mstari wenyewe hauna kazi. Makontena ya mradi mmoja wa Compose yako kwenye mtandao mmoja na yanaitana kwa jina la huduma. Programu inaunganisha `db:5432`, basi. Anayehitaji `ports` ni Nginx peke yake, 80 na 443.

Haya, nakubali: kwenye laptopu mtu anataka kuchungulia majedwali kwa DBeaver, programu ya kutazama hifadhidata. Weka `ports` kwenye `compose.override.yaml`, ambalo Compose hulisoma lenyewe, na faili hilo usilipeleke kwenye seva. Usifanye kinyume, yaani kuziweka kwenye faili kuu ukitegemea faili la pili lizifute. Orodha za `ports` huunganishwa, hazifutani bila alama kama `!reset`. Ukihitaji kuifikia hifadhidata ya seva ukiwa mbali, andika `"127.0.0.1:5432:5432"` ili poti isikie seva yenyewe tu, na upitie njia fiche ya SSH:

```
ssh -L 5433:127.0.0.1:5432 jina@seva
```

Hakikisha Docker ni toleo la 28 au jipya zaidi, maana kabla ya hapo mashine jirani kwenye mtandao uleule ziliweza kuifikia hata poti iliyofungiwa 127.0.0.1. Na wale wanaoshauri `"iptables": false`, yaani Docker isiandike sheria zake, waache: makontena yatashindwa kutoka kwenda intaneti. Sheria zako za ziada ziweke kwenye mnyororo wa DOCKER-USER, ambao Docker imekuachia wewe.

Mengine kwa haraka. `depends_on` tupu (mpangilio wa nani aanze kwanza) inasubiri kontena lianze, haisubiri Postgres iwe tayari. Ongeza `healthcheck` ya `pg_isready`, amri inayouliza kama Postgres iko tayari, na `condition: service_healthy`. Logi zipewe `max-size: "10m"` na `max-file: "3"`, la sivyo zitajaza diski. `docker compose down -v` inafuta voliumu pamoja na data yako.

Kama poti ilishakuwa wazi, kuifunga hakutoshi, badilisha nenosiri. Kubadilisha `POSTGRES_PASSWORD` kwenye `.env` (faili la mipangilio) hakutafanya kitu ndani ya hifadhidata, kwani husomwa mara moja tu, saraka ya data ikiwa bado tupu. Ingia kwa `docker compose exec db psql -U postgres` (au jina uliloweka kwenye `POSTGRES_USER` badala ya `postgres`), andika `\password`, kisha sahihisha `.env` na upige `docker compose up -d`. Usitumie `restart`, maana hiyo haisomi `.env` upya na programu itaendelea kubisha kwa nenosiri la zamani.