Damu ya bibi yako si damu yako

Jumapili tulikuwa kwenye kilio kule mtaa wa Katuba. Wamama ndani na mikeka yao, wababa nje kwenye viti vya plastiki, maongezi yakipita kutoka timu ya Mazembe hadi bei ya unga, kama ilivyo desturi. Kijana mmoja anayefanya kazi kwenye kituo cha afya akasema wiki hii wanapima virusi vya Ukimwi bure, na wanaume nao wakaribie. Baba mmoja mwenye koti zuri, mtu wa heshima zake, akacheka: "Miye? Bibi yangu alipimwa na mimba, alikuwaka muzima. Sasa nitapima nini tena?"

Yeye ningemsamehe, maana kila kilio kina mtu wake wa namna hiyo. Kilichonichoma ni wale waliomwitikia. Safu nzima ya wababa, walimu wawili wakiwemo, wakasema eee, kweli, muzee amesema.

Ndiyo mtindo wetu hapa Lubumbashi: mwanaume anapimwa kupitia tumbo la bibi yake, yaani mke wake. Mama anaenda CPN, kliniki ya wajawazito, anatobolewa kidole, na baba aliyebaki nyumbani anapata majibu yake bila kutoa hata tone. Uvumbuzi wa ajabu. Sijui maprofesa wetu wa Unilu, chuo kikuu chetu, wanangoja nini kuuandikia tasnifu.

Jamani, virusi havihami kutoka kwa mtu hadi kwa mwenzake kila mara wanapolala pamoja. Kuna ndoa nyingi tu ambamo mmoja anavyo na mwingine hana, na wamekaa hivyo miaka. Kwa hiyo karatasi ya mama inaeleza habari za mama, basi. Tena inaeleza za siku ile tu, kwa sababu kipimo cha haraka kinaweza kisione maambukizi yaliyoingia ndani ya miezi mitatu iliyotangulia. Baba anajivunia karatasi ambayo si yake, ya mimba ya mtoto ambaye leo yuko darasa la nne.

Na kuna jambo moja ambalo likinijia kichwani sipati usingizi. Mama amepimwa mimba ikiwa na miezi minne, hana kitu. Mwezi wa saba baba anarudi kutoka Kolwezi au Kasumbalesa, amebeba pagne mbili, yaani vitenge, na kitu kingine ambacho hakukipima. Mama anaambukizwa akiwa na mimba, au akiwa ananyonyesha. Wiki za kwanza ndizo virusi vinapojaa kwenye damu kuliko wakati mwingine wote mtu akiwa bado hajaumwa sana, na mtoto yuko palepale, tumboni au kwenye titi. Nani atampa mama dawa? Kadi yake inasema yuko salama. Wasipokumbuka kumrudia kipimo, hakuna atakayejua. Mama mwenye virusi asiyetumia dawa, uwezekano wa mtoto kuambukizwa, ukihesabu mimba, uzazi na kunyonyesha, ni asilimia 15 hadi 45. Akitumia dawa vizuri unashuka chini ya asilimia 5. Pengo lote lile linaweza kuzibwa na baba mmoja kukubali kutobolewa kidole siku moja na bibi yake.

Halafu mtoto anaanza kudhoofika, mama anapimwa tena, safari hii vinaonekana. Unajua swali la kwanza nyumbani? "Umevitoa wapi?" Mwenye karatasi ndiye mshtakiwa. Asiye na karatasi ndiye hakimu. Kwenye avenue yetu nilimwona mama anaondoka asubuhi, godoro juu ya puspusi, ule mkokoteni, masufuria ndani ya beseni, mtoto mgongoni, na wakwe wamesimama mlangoni wanamtazama. Bwana wake hajawahi kupimwa mpaka leo. Ameoa tena. Bibi mpya ana mimba, na nadhani tayari mnajua baba anangoja majibu kutoka wapi.

Wengine wanasema: nikianza kuumwa nitaenda. Hawa wanaishi na sheria za zamani. Kweli, kulikuwa na wakati mtu mwenye virusi aliambiwa asubiri, CD4 zake, yaani chembe za kinga kwenye damu, zishuke kwanza chini ya 200. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likapandisha kikomo hadi 350, mwaka 2013 hadi 500, na mwaka 2015 likakifuta kabisa: ukikutwa navyo, unaanza. Utafiti mkubwa uliotoka mwaka huohuo ulionyesha kwamba walioanza mara moja walipunguza hatari ya kuumwa vibaya au kufa kwa asilimia 57, ukiwalinganisha na waliongoja. Sisi bado tunangoja mpaka mkanda wa jeshi utokee ubavuni na kikohozi kigome, ndipo tunabebwa, na hata hapo tunaanza kwa kumtafuta aliyeturoga.

Na wanaodhani dawa ni ile mikono ya vidonge ya zamani: siku hizi kwa wengi ni kidonge kimoja kwa siku. Tangu mwaka 2011 inajulikana kwamba, kwa wanandoa ambao mmoja wao ana virusi, kuanza dawa mapema kunazuia maambukizi kwa asilimia 96. Virusi vikishuka hadi kipimo hakivioni, na vikabaki hivyo, humwambukizi mwenzako kwa kulala naye. Baba mwenye virusi anayemeza dawa yake ni salama kwa bibi yake kuliko yule wa koti zuri asiyejua chochote.

Haya, niwape wanaume haki yao kidogo, ingawa sitaki. Vituo vyetu vimepangwa kama vile mwanaume hana mwili. Unaingia, benchi lote ni wamama wajawazito, wanakugeukia kama mwizi. Muuguzi anaita jina lako mpaka barabarani wanasikia, wakati sheria ya Kongo ya Julai 2008 inalinda siri yako. Na dereva wa taksi mwenye versement, pesa ya kumpelekea mwenye gari jioni, hawezi kukaa pale tangu saa moja mpaka saa sita. Hayo ni kweli. Wafungue jioni, wafungue Jumapili baada ya ibada, waje hata kwenye maegesho ya taksi. Lakini dereva huyohuyo, Mazembe ikicheza kwenye uwanja wa Kamalondo, versement inajipanga yenyewe.

Wachungaji wanaowaambia watu waache dawa, nitawaandikia siku yao. Na pesa za msaada za Marekani zilipokatika mwanzoni mwa 2025 tuliona dawa zetu zimening'inia kwenye mfuko wa nani, nalo hilo lina hasira yake.

Ila tusijifanye ugonjwa huu ni wa watu wa mbali. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2014 walifuata ukoo wa virusi hadi Kinshasa, karibu na mwaka 1920, na kwa hesabu zao vilifika huku kwetu Lubumbashi mwishoni mwa miaka ya 1930, vikisafiri na watu kwenye njia za reli. Reli iliyojengwa kwa ajili ya shaba. Vilitufikia mapema kuliko karibu mji wowote duniani, na bado tunashangaa vikitajwa kilioni.

Mimi nimepanga Alhamisi na bibi yangu, wote wawili, benchi moja. Si mara ya kwanza, najua kazi yenyewe: anafuta kidole kwa pamba, anatoboa, anaangusha tone kwenye kijikaratasi chenye namba iliyoandikwa kwa biki, na mnangoja kama dakika 20 mkitazama mstari. Vikionekana wanarudia kwa kipimo cha aina nyingine kabla ya kukuambia lolote. Nyinyi wa mitaa yetu ya Katuba na Kenya mnaoogopa kwenda peke yenu, niandikieni, tupange. Na mkinikuta pale katikati ya wamama wa mimba, msinicheke, sogezeni benchi mkae.