Harusi kwa nyumba ya kapera

Mwaka jana binamu yangu alifanyia harusi pale Lord Egerton Castle, Ngata, si mbali na Nakuru mjini. Nyasi imekatwa vizuri, miti mikubwa, tenti nyeupe, dijei anachapa muziki hadi unasikia kifuani, na mimi nimekaa na sahani yangu ya pilau nacheka peke yangu kama mwendawazimu. Kwa sababu mwenyewe, Lord Maurice Egerton, yule mlowezi Mwingereza aliyejenga hii kasri, wanasema hakutaka kuona mwanamke hata getini! Saa hii wikendi ni mabibi harusi tu wanajipiga mapicha kwa ngazi zake.

Hio stori Nakuru nani haijui. Ati alimpenda mwanamke, akamleta kuona nyumba yake ndogo, mrembo akasema hili si ni banda la kuku, basi Lord akaanza kujenga kasri 1938, vita vikaingia kazi ikasimama, ikaja kuisha 1954, vyumba 52, na mrembo bado akakataa. Jamaa akafa 1958 bila mke bila mtoto, na hata cheo cha ubaroni cha ukoo wao kikaishia hapo. Piga hesabu basi, vyumba 52, mtu mmoja, miaka 4.

Sasa kuna watu wananung'unika eti harusi zinaharibu turathi, ziende hotelini. Mi hapo sikubali. Jumba la mawe la umri ule linakula pesa we acha tu, paa, mbao, bustani, na liko chini ya Chuo Kikuu cha Egerton ambacho kina wanafunzi wa kushughulikia kwanza, sasa hizo pesa zitatoka wapi kama si kwa tenti na kiingilio? Afadhali dijei kuliko popo.

Shida yangu ni ingine. Ile stori ya mapenzi ni tamu mpaka imemeza kila kitu. Tulizungushwa huko ndani, ukumbi wa densi, kinanda kikubwa cha mabomba, habari ya mrembo tukaipata kama mara tatu hivi, ya ardhi hata mara moja hapana. Na hii ilikuwa Nyanda za Juu za Wazungu, mwafrika hawezi kuwa na shamba hapa, labda akalime la mwenyewe mzungu, na kabla ya hapo Wamaasai walishahamishwa kutoka hii Bonde la Ufa kwa ule mkataba wao na Waingereza wa 1904. Bila hayo huyu bwana angejengea wapi hasira zake? Tena huyo huyo ndo alianzisha shule ya kilimo Njoro 1939, ya vijana wa kizungu lakini, na ndo hio ilikuja kuwa chuo kikuu 1987, leo watoto wetu wamejaa huko. Hii si stori tamu kushinda ya banda la kuku jameni?

Sisemi tununie harusi za watu. Wawekee tu kibao cha maana pale karibu na ngazi, kwa Kiswahili, kwa sababu mpiga picha akianza na maharusi hakuna mtu anapita. Sisi tulisimama hapo karibu dakika 40 tukiangalia ukuta.